Bafa Zinazojaa Saa Nane

Jumatatu, 3 Machi

Seva imekufa tena. Mara ya tatu tangu wodi ya watoto wachanga ifungiwe nyaya za mtandao wiki iliyopita. Kusema kweli haikufa – inapumua, ila haisemi na mtu. Ukikaa mbele ya kibodi yake inajibu. Ukiiita kutoka chumba cha pili, kimya. Ujumbe ni uleule: hakuna nafasi ya bafa. Nimeizima, nimeiwasha. Muda wote huo maabara wamepeleka majibu ya damu kwa miguu, na kila aliyepita mlangoni kwangu alihakikisha nimemwona.

Kwenye kikao Meneja aliuliza ni kitu gani kimebadilika hospitalini. Nikajibu kabla sijafikiri: nyaya mpya. Akaandika. Akataka niweke kwenye ripoti, nikaweka, nikasaini.

Nyaya hizo alizifunga Koleo, mume wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemleta.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuhesabu. Bafa ni kama vindoo ndani ya kumbukumbu ya mashine: data ikifika inamiminwa humo, inangoja programu yake ije kuichota. Isipochotwa, ndoo haiachiwi. Ziko 25,600. Saa tatu asubuhi zilizoshikwa ni 900. Saa kumi – 14,200! Na hazishuki.

Nimeongeza kikomo mara mbili, 51,200. Najua ni kumpaka mgonjwa poda. Lakini nimechoka kukimbia ngazi.

Dada kapiga simu. Ana furaha. Eti Koleo keshaahidiwa nyaya za jengo la pili lote, na kwamba mimi ni ndugu wa kweli. Nikasema haya dada, msalimie.

Ijumaa, 7 Machi

Zimejaa zote 51,200. Tofauti ni kwamba safari hii imechukua siku nne badala ya mbili.

Meneja hakupandisha sauti. Alisema ripoti yangu imemsaidia kuamua: Koleo aje Jumatano avue nyaya zote za wodi, azifunge upya kwa gharama yake. Jengo la pili atapewa mwingine.

Nimempelekea Koleo barua ya Meneja mimi mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akacheka. Miaka ishirini na mbili nafunga waya, shemeji, leo waya umenifunga mimi! Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeona kosa lake liko wapi, ili asilirudie.



Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika idadi kila nusu saa, tangu saa moja asubuhi. Tambarare. Tambarare. Saa nane mchana zinaanza kupanda kama ngazi. Saa kumi zinasimama palepale zilipofika.

Waya mbovu haujui saa.

Jioni nikafungua orodha ya miunganisho yote, nikatazama safu ya data ambayo haijasomwa. Zote za programu moja. Ile inayopokea majibu ya maabara na kuyapeleka kwenye printa za wodini.

Niliiandika mimi. Mwaka juzi. Nilipongezwa.

Jumanne, 11 Machi

Saa nane kasoro dakika tano nilikuwa wodi ya watoto wachanga, kwenye printa mpya. Sista mkuu aliingia, akanitazama, akainama, akachomoa waya wa umeme wa printa. Mbele yangu!

– Kila siku, Sista?

– Kila siku. Saa nane wanangu ndiyo wanalala. Hiyo printa yako inasaga mawe. Kukiwa na shida maabara wananipigia simu. Saa kumi nairudisha. Kwani kuna ubaya?

Nikamwambia hakuna ubaya wowote. Na kweli hakuna. Ndiyo kwanza wodi yake imepata printa. Angejuaje?

Nikarudi kuisoma programu. Printa isipojibu, programu inangoja. Si dakika moja, si saa moja. Milele. Sikuiwekea mwisho wa kungoja. Maabara, kwa kuwa hawajaambiwa kwamba majibu yamepokelewa, mashine yao inayatuma tena kila dakika tano. Nakala nyingine ya programu inaamka, nayo inakaa kuingoja printa, ndoo zake zimejaa, haichoti. Hata umeme ukirudi, zilizoduwaa hazizinduki.

Nimeongeza mstari mmoja. Sekunde thelathini, kisha achia. Nikaiwasha upya, nikamwomba Sista azime printa tena kwa saa moja. Bafa 880. Baada ya saa nzima, 880.

Mstari mmoja tu!

Nimeandika ripoti mpya, ukurasa mmoja. Meneja alikuwapo ofisini. Mlango wake ulikuwa wazi. Nilipita mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye meza ya Sista. Watoto wamehamishiwa chumba cha jirani, na Sista hasemi na mtu. Dari liko wazi. Vumbi kila mahali.

Koleo alifika saa mbili na ngazi yake. Ana nyaya thelathini za kuvua. Kabla ya kuuvua kila mmoja anaupima kwa kifaa chake, kisha ananisomea nimwandikie. Huu mzima, shemeji. Huu nao mzima. Andika. Akifika chini anafuta jasho, anatikisa kichwa. Mgonjwa gani huyu asiyeonekana anapoumwa? Nikasema labda apumzike kidogo. Akasema la, dada yako atanipokeaje nikirudi na kazi nusu.

Bafa asubuhi hii: 880. Ripoti ninayo kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Meneja anapita saa sita kukagua.

Sasa hivi ni saa tano na robo. Kumi na sita ziko sakafuni, zimekunjwa vizuri kama mpya. Zimebaki kumi na nne juu.

Ananiita nikamshikie ngazi.