Birika Ulilonitumia Badala ya Kuja

Kwako Mutalemwa, mjukuu wangu wa kwanza,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa ili tusianze kwa kugombana.

Mzigo wako wa kutoka Italia umefika hapa Igogo, Mwanza. Yule mtawa uliyempa amenikabidhi mkononi: birika la Kiitaliano, pakiti mbili za kahawa na barua ya karatasi moja. Karatasi moja, Mutalemwa! Nimeigeuza nikidhani maneno yameendelea nyuma. Nyuma peupe.

Hii naandika mwenyewe. Dada yako Koku alitaka nimtajie aandike yeye, nikakataa, maana angelainisha maneno. Elimu yangu ni ile ya watu wazima, ulikuwa unanicheka nikishika kalamu kama mwiko. Basi leo soma mwiko.

Tulikuomba uje. Babu yako alipofariki tulikuomba, ukasema mitihani. Matanga yakaanuliwa bila wewe. Wazee wa ukoo wakasema mrithi ni Mutalemwa, kwa kuwa baba yake alitangulia, lakini mrithi lazima aje mwenyewe, akae kwenye kigoda cha marehemu, atafune kahawa pamoja nao, ndipo kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, kiwe chake. Wakakungoja msimu mmoja. Wakaongeza wa pili. Na mimi mjane unajua kwetu ninakaaje: nakaa kwa jina la mrithi. Mrithi asipoonekana, mimi ni mpita njia kwenye migomba niliyoilimia tangu sijazaa. Hayo yote uliyajua. Ukatuma birika.

Barua yako ikasema, "Bibi, kwanza nenda mjini kwenye mgahawa mzuri uonje espreso, ndipo utajua ya nyumbani imekaa sawa au la." Nikasema haya, mtoto amesoma, tumtii. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikamchukua Koku siku hana masomo kule chuoni Butimba, tukaenda kutafuta kahawa. Mimi, niliyezaliwa kwenye kahawa, natafuta kahawa!

Hoteli ya kwanza ina mazulia mpaka mlangoni. Kijana akatuletea chupa ya maji ya moto, kopo la kahawa ya unga na kijiko.

"Kahawa iko wapi?" nikamwuliza.

"Si hiyo hapo, bibi. Unajikorogea mwenyewe."

"Nimetoka Igogo kwa miguu nije nijikorogee? Hata kwangu kijiko kipo!"

Koku akainamisha kichwa kwa aibu. Tukatoka.

Mgahawa wa pili ni mpya, wa hizi zama za ruksa ambapo kila kitu kinauzwa na kila mtu ni mfanyabiashara. Hapo ndipo kuna mashine. Inatoa mvuke na kupiga kelele kama meli inaondoka. Msichana akaniletea kikombe, nikamtazama.

"Binti, hiki ni cha mwanasesere. Cha watu wazima kiko wapi?"

"Ndivyo inavyonywewa, bibi. Ni kali, nikuletee sukari?"

"Kali? Mimi nimetafuna kahawa baba yako hajaota meno. Acha hivyo hivyo."

Sitakudanganya, kwa kuwa mimi si mwongo kama wewe wa "nakuja mwezi ujao." Ilikuwa nzuri. Juu ilikuwa na povu la rangi ya asali kama ulivyoandika, nzito, inakaa kwenye ulimi hata ukishameza. Nikaikumbuka harufu ya mikeka yetu kule kibanjani wakati wa mavuno, kahawa imeanikwa uwanja mzima, na wewe umri wa miaka sita umepewa fimbo ufukuze kuku, ukalala juu ya kahawa kuku wakakupita. Babu yako akasema, "Mwache, analinda kwa harufu." Ulikumbuka hilo hata mara moja huko uliko? Nikamwuliza yule binti kahawa hii ni ya wapi. Akasema kwa majivuno, "Ya Italia, bibi." Koku akanishika mkono chini ya meza maana aliona nataka kusema Italia hailimi kahawa. Nililipa nikatoka.

Basi nikaanza kupika nyumbani. Maji chini, kahawa kwenye kichujio katikati, unafunga kwa nguvu, unaweka kwenye jiko la mkaa. Mkaa ukiwa mkali inaungua, ukiwa hafifu inakataa kupanda. Siku ya nne nilipata: mkaa wa kufunikwa majivu, birika ukingoni, kifuniko wazi, ikianza kukohoa unaitoa upesi. Majirani wakaja kuonja. Mama Sabina akasema, "Mjukuu wako anakupenda." Nikamjibu, "Ananipenda kwa posta."

Pakiti zikaisha. Ninunue kahawa sokoni? Mimi? Toka nimeolewa sijanunua hata punje moja. Ila ya kibanjani siipati tena, anaichuma babu yako mdogo, mdogo wake marehemu. Zamani tulipouzia chama cha ushirika na malipo yanachelewa, huyo bwana hakujua hata mpaka wetu uko wapi. Sasa wanunuzi binafsi wanafika na magari mpaka shambani, bei imepanda, na yeye ghafla ana uchungu na ukoo. Anasema analinda mali mpaka mrithi aje. Analinda kwa kuuza.

Ndani nilibakiwa na kile kikapu kidogo. Unakijua. Ni kahawa ya kutafuna ambayo babu yako aliichuma mwenyewe mwaka wake wa mwisho, akaichemsha na majani yake, akaianika, akaniambia, "Hii weka. Ni ya siku Mutalemwa atakapokaa na wazee." Nilipoona sina changu tena kibanjani, nilikuja nayo Mwanza nimeipakata melini kama mtoto mchanga.

Mchana mmoja nikasema nitaikaanga kidogo tu, niipike kwenye birika la Italia, halafu nikuandikie kwamba yetu imeishinda yao. Nikakaanga. Nikatwanga kwenye kinu mpaka ikawa kama poda, nikaishindilia kwenye kichujio. Birika likapiga mluzi, halipandishi kitu.

"Bibi, litoe, litapasuka!" Koku akapiga kelele.

Likatoa vijiko viwili hivi, nyeusi ya kijani, harufu ya dawa. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kahawa iliyochemshwa na majani haikaangwi. Mimi, mzee mzima, nikaikaanga. Nikainywa yote kwa kiburi, na sikio likaziba kwa uchungu.

Koku akatazama kikapu, akauliza taratibu, "Bibi, hii si ile ya wazee?"

Hapo ndipo nikakaa chini. Nisingeigusa kahawa ile kama bado ningekuwa nakungoja. Mkono ulijua kabla yangu. Nimekulea toka unanyonya, nimekufundisha kujifuta makamasi, na sikungoji tena. Sikutaka kuandika hilo, lakini nimeshaliandika na silifuti.

Koku ndiye aliyemuuguza babu yako. Likizo zake zote za chuo alizimaliza kibanjani, anapalilia, anakata matawi, anajua kahawa ipi ni ya zamani na ipi ilipandwa baba yenu alipozaliwa. Hakuandika barua kusema anampenda babu. Alimwogesha.

Nimewatumia wazee ujumbe kwamba nakuja na mrithi. Babu yako mdogo amejibu, "Msichana ataolewa, kibanja kitahamia kwa watu." Nimemjibu kwamba mvulana hakuolewa na bado alihamia kwa watu. Watanicheka kikaoni, najua, na pengine watakataa, kwa sababu hawajawahi kumkalisha mwanamke kwenye kigoda kile. Sasa watamkalisha au watanitoa mimi nje kwa mikono yao, mbele ya kaburi la kaka yao. Wachague. Koku anaogopa, usiku hali vizuri. Nimemwambia aogope huku amekaa.

Kahawa iliyobaki kikapuni inatosha wazee wote, nimeihesabu kwa macho. Itatafunwa kama ilivyokusudiwa, ila si kwa jina lako.

Sikulaani. Usije ukawaambia watu bibi amekulaani. Nakupenda, na hiyo ndiyo inayoniuma, maana ningekuchukia ningekuwa nimelala usingizi. Kula vizuri, vaa nguo nzito, usioe mtu asiyejua kusalimia.

Tunapanda meli ya Bukoba Jumatano ya mwisho wa mwezi huu, na kikao ni Jumamosi yake. Kama una neno la kupinga, usiliandike. Wazee wa kwetu hawapokei barua, wanapokea mtu.

Ni mimi bibi yako, mama wa marehemu baba yako.