Gauni Lililoshonewa Mwilini

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila kichwa changu kinazunguka kama pia, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Kazi ya kusahihisha vitabu vya shule niliiacha. Sasa mchapishaji amenipa ngano za zamani, zile za binti yatima na mwana wa mfalme, nizigeuze ziwe za kutisha. Watu wazima wanazigombania, sijui kwa nini.

Katika moja, mama wa kambo anamshonea binti gauni la kwendea dansi, binti akiwa amelivaa. Sindano inapita kitambaa, inaingia kwenye ngozi. Binti anacheza, watu wanalisifu gauni lake jekundu. Lilikuwa jeupe.

Kaka, naapa sikumfikiria Mama. Ndiyo, ni mama wa kambo, na ni fundi cherehani, lakini nilishasahau kwamba hakutuzaa. Juzi nilimkuta na karatasi zangu, miwani mkononi.

"Mwanangu, huyu ni mimi?"

"Hapana, Mama! Ni ngano tu."

"Mbona anabana sindano mdomoni upande wa kushoto, kama mimi?"

Nikamwambia nitaichana. Akazishika karatasi kwa mikono miwili.

"Usichane. Siku ya harusi yangu na baba yenu, kigauni chako kilifumuka. Nikakishona ukiwa umekivaa. Sindano ikakuingia, ukalia, nikaendelea kushona. Na nilijua."

Nilikuwa na miaka minne, sikumbuki lolote. Nimejitazama kwenye kioo: ubavuni pana alama ndogo, ambayo siku zote nilidhani ni ya jipu. Anasema alikuwa na hasira, maana tangu asubuhi kila mgeni alikuwa akimlinganisha na marehemu mama yetu.

Sasa nishike lipi? Mkono huohuo ndio ulionibeba mwezi mzima nilipougua surua. Siku ile ya harusi wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikuwepo. Nieleze ulichokiona. Usinifiche, wala usitie chumvi.

Yeye mwenyewe kasema hadithi ichapwe vilevile, nami jana nimeipeleka. Niliporudi nilimkuta ananisubiri na utepe wa kupimia; eti anishonee nguo ya siku ya kuzindua kitabu. Aliponigusa ubavuni nilitetemeka. Sijui ilikuwa hofu au upendo, Kaka. Lakini nilinyanyua mikono, nikamwacha apime.

Nisalimie Wifi na mapacha. Shangazi anaulizia picha zao. Mama naye anakusalimia. Hajui nimekuandikia haya.

Mola akulinde uendako na ulalapo.

Akupendaye bila kupungua,
Kitinda mimba wenu