Krediti Arobaini na Nane Zilizozidi

Nyumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Mtaa wa nyuma ya hospitali.
Jumamosi, tarehe 7 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zetu sote, na pole sana kwa goti. Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni kabla hata sijavua buti za kazi. Je, uvimbe umepungua? Na yule bibi unayemtunza, bado anakupandisha ngazi kutwa kutafuta miwani aliyoivaa mwenyewe? Mwambie una mdogo wako fundi wa lifti, na angekuwa karibu angekufungia moja, hata ya kamba.

Huku tu wazima. Wifi yako alishikwa na mafua, yamekwisha, imebaki sauti nzito ambayo anaitumia kutuamrisha. Binti yetu amerefuka mpaka tunatazamana macho kwa macho. Mimi afya tele, na tumbo tele vilevile. Habari za tumbo zina sababu yake, utaiona mbele.

Sasa kaa chini, dada. Nina habari njema, na nina jambo la kukuomba radhi, na siwezi kukupa moja nikaficha jingine.

Unajua nimesoma chuo hiki cha hapa mtaani miaka tisa, somo moja moja, mawili mawili, baada ya zamu. Kila somo lina uzito wake, wenyewe wanauita krediti. Ukifikisha sabini unaruhusiwa kuhamia chuo kikuu na kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Kwa miaka minne nimekuwa nikikuandikia kwamba chuo kikuu wanataka somo moja zaidi, na nikilimaliza wanataka jingine. Ukakasirika kwa niaba yangu. Ukawapeleka watu wale kwenye kikundi chako cha maombi cha Jumatano, Mungu ailainishe mioyo yao migumu.

Mwezi wa kwanza tulikuwa mezani, wifi yako akamwuliza binti yetu anataka kwenda wapi akimaliza shule mwakani. Akajibu kwamba hana haraka, ataanza na chuo cha hapa, akae akae miaka kadhaa kama baba. Alilisema kwa wema kabisa, huku anamenya chungwa. Kesho yake nikajifunga kibwebwe, nikachukua nakala ya matokeo yangu na fomu, nikaenda chuo kikuu bila kumwambia mtu.

Sasa sikia maajabu. Walinikatalia pale kaunta, si kwa kupungukiwa, bali kwa kuzidi. Nina krediti mia moja na kumi na nane. Mwenye zaidi ya themanini hawampokei hivi hivi, kwa sababu kwao huyo ni mtu aliyekwisha kusoma karibu shahada nzima bila kuipata, na nafasi ni chache. Kazini jambo hili nalijua fika. Lifti ya wodi za juu inabeba watu kumi na watatu. Akiingia wa kumi na nne kengele inalia, mlango haufungi, na kila mtu anamtazama mwenzake kama vile mnene ni yule. Nimewaeleza watu mara nyingi tu kwamba lifti haijaharibika, wamezidi. Siku hiyo kengele ilinililia mimi.

Afisa wa udahili ni mwanamke niliyempita umri kwa mbali, ananiita mzee kwa heshima inayouma. Akaishusha kalamu kwenye orodha yangu. Hisabati, fizikia, umeme, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakutana na lishe, historia ya majengo, uchoraji wa ramani, ufinyanzi. Akainua macho.

"Krediti zilizozidi tutazikata sisi, ni kazi ya dakika tano," akasema. "Ninachotaka kwako, mzee, ni sababu ya kuzidi. Andika ukurasa mmoja, kamati itausoma. Una wiki mbili."

Ufinyanzi, dada, ndilo lile bakuli lililolalia upande ambalo nilikutumia picha yake. Wifi yako anawekea funguo. Lina krediti tatu.

Nikaandika barua ya kwanza, nikazilaumu zamu za hospitali. Nilipoisoma niliona hata mimi siiamini, kwa sababu zamu hizohizo ndizo nilizosomea yale yote. Nikaandika ya pili, kuhusu kiu yangu ya elimu. Hiyo ilikuwa tamu mno, ungedhani nagombea ubunge. Nikampa binti yetu anichapie, maana vidole vyangu hubonyeza herufi mbili mbili. Hakuanza kuchapa. Alivuta ile orodha ya matokeo, akajumlisha kwa penseli muhula baada ya muhula, kisha akapiga mstari katikati ya ukurasa.

"Baba, sabini ulishazifikisha miaka minne iliyopita."

Akanisogezea karatasi. Wifi yako alikuwa anapiga pasi. Aliizima, akatoka chumbani polepole, na mimi nikabaki natazama ule mstari.

Hilo ndilo ninalokuombea radhi. Hakuna mtu aliyetaka somo moja zaidi. Hakuna aliyewahi kulitaka.

Miaka minne iliyopita nilikwenda na fomu imejazwa mpaka mstari wa mwisho. Nilifika mapema, nikaona ukumbi mmoja uko wazi, nikaingia nikakaa nyuma kabisa. Mwalimu akauliza swali. Kijana mmoja wa mbele akalijibu kabla mimi sijamaliza kulielewa swali lenyewe. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi sikujua kilichowachekesha. Nikainuka, fomu mfukoni, nikafyata mkia mpaka nyumbani.

Juma lilelile likafika lile koti lako la rangi ya majivu, na kikaratasi chako mfukoni: la kuvaa siku ya kwanza. Ningekujibu nini? Nikakuandikia kwamba wanataka somo moja zaidi. Kumbe uongo huo ni mzuri kuuishi. Unajiandikisha somo, unapata alama za juu, kila mtu anakusifu, na huendi popote. Kazini wakanibandika jina la Bado, maana ndilo jibu nililowapa kila waliponiuliza kama nimekwenda. Nilicheka nao.

Niliogopa, dada. Wewe uliacha shule na kwenda kufua nguo za watu ili mimi nisome, na mimi nikamwogopa kijana mwenye jibu la haraka. Naona haya kukuandikia hivi, lakini nimekata shauri kwamba sitafunga bahasha hii mpaka niandike.

Barua ya tatu ilikuwa na mistari michache tu. Niliandika kwamba krediti sabini nilizisoma kwa kutaka kuja, na arobaini na nane nilizisoma kwa kuogopa kuja. Nikaandika kwamba wakizikata zote hizo arobaini na nane sitalalamika, lakini safari hii naja. Binti yetu akaichapa bila kunitazama, kisha akanigonga bega kwa bega kama watu wa kazi moja. Nikaipeleka mwenyewe kwa miguu. Afisa aliisoma palepale, akaigonga muhuri, na kwa mara ya kwanza akasahau kuniita mzee.

Jibu limekuja jana. Wamenipokea, dada. Mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Sabini zinahesabiwa, zile nyingine hazihesabiwi popote, na nikijiandikisha somo hata moja nje ya mpango wao nafasi yangu inakufa. Wanadhani wamenipa sharti gumu.

Palepale, kama vile wameambizana, chuo cha hapa nacho kimeniletea orodha ya masomo ya muhula ujao. Lipo somo la ufugaji wa nyuki. Sitakuficha, moyo ulinidunda. Nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya ule mguu wa meza unaocheza. Ndiyo meza ninayokuandikia sasa hivi, imetulia tuli.

Woga haujaisha. Kijana yule atakuwa amehitimu zamani, lakini wenzake wa aina hiyo hawakosekani. Nitakaa mbele. Nisipoelewa swali nitanyoosha mkono niulize, na wakicheka nitawauliza pia wanacheka nini. Msimamizi wangu ameshanipangia zamu za jioni tupu mpaka mwisho wa mwaka, na lifti zake zikikwama asubuhi, amesema, wagonjwa wanaojiweza watapanda ngazi.

Darasa la kwanza ni kesho kutwa, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Wifi yako amelitoa koti kwenye mfuko wake wa nailoni bila kuniuliza, akalitundika mlangoni. Nimelijaribu. Miaka minne iliyopita lilinikaa barabara. Leo vifungo na matundu yake haviwezi hata kusalimiana. Wifi alitaka kukimbia nalo kwa fundi cherehani likapanuliwe, nikamkatalia. Nitalivaa likiwa wazi, hivyohivyo, na atakayeuliza nitamwambia nilichelewa.

Binti yetu hasemi tena habari za kukaakaa. Jana alichukua fomu mbili za chuo kikuu, akaniambia nisimsumbue mpaka azijaze.

Nisalimie shemeji, umwambie chesi yetu ya barua haijaisha na zamu ni yake. Wasalimie wapwa zangu wawili, waambie mjomba wao ni mwanafunzi mwenzao, wasije wakaniringia. Salamu kwa yule bibi na miwani yake. Na akina mama wa Jumatano waambie ukweli wote, wasiendelee kuwashtaki kwa Mungu watu wasio na kosa. Kama wana nafasi, waniombee mimi. Sauti tu ya kusema sijaelewa, inatosha.

Mungu alitulize goti lako, akulinde wewe na nyumba yako, na atupe siku ya kukaa meza moja tena. Ukinikasirikia nitakuelewa, ila nikasirikie kwa barua ndefu.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye, na ambaye hana tena la kukuficha,

Bado (mpaka Jumatatu)