Fizi Zangu na Meza ya Bwana

Jumapili, 1 Juni
Meza ya Bwana tena, na tena sikukaribia. Mara ya tatu! Kanisani kwetu kikombe ni kimoja, kinapita mdomo kwa mdomo. Mwezi wa Machi fizi zangu ziliacha damu ukingoni mwa kikombe. Nilifuta haraka kwa kitenge, nadhani vizuri. Tangu hapo nabaki kwenye benchi — na hapa Butembo asiyeshiriki Meza ana dhambi, basi. Solange, rafiki yangu wa kwaya, amehama benchi letu. Inaniuma sana.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee Muyisa wa kanisa alipita. «Mama Gracieuse, kama kuna mwanaume, ungama tu, mambo iishe.» Mwanaume! Mjane wa miaka hamsini na minane, kidonda mguuni, harufu mdomoni! Nilicheka hadi akakasirika. Alipoondoka nikalia. Mboga ya sombe nimekula peke yangu.

Jumanne, 10 Juni
Hospitalini, kupima sukari ya damu: mia tatu na kumi. Daktari anasema nakula vitamu kwa kificho. Isiposhuka, kidole cha mguu kitakatwa. Kificho gani! Chai bila sukari tangu Noeli.

Ni muuguzi Jokébed tu aliyeuliza: «Mama, juu ya nini unafunika kinywa?» Akachungulia. Usaha. Nikakiri nimeacha mswaki kwa sababu unatoa damu.

«Aa-a! Pale njo uliharibu. Ule ugonjwa wa mu fizi unapandisha sukari, donc kidonda hakiponi. Uende Beni kwa daktari wa meno.»

Na mimi nilijiona mwerevu kwa kuuacha mswaki.

Jumatatu, 16 Juni
Beni, kwenye benchi la daktari. Meno mawili yang'olewe, fizi zikwanguliwe. Lakini kwa sababu ya sukari, bila msindikizaji hawaanzi. Nitamtaja nani? Nikampigia Solange. Nikamweleza yote — fizi, kikombe.

Akajibu: «Mimi njo nilikunywa nyuma yako. Niliona ile damu. Nikasema ni TB, nikaogopa.»

«Haukuambia mutu?»

«Hata mutu moja.»

Yaani miezi mitatu alijua si dhambi! Sijui nimshukuru au nimtukane. Nikamwuliza kama atakuja — simu ikakatika. Unité za simu zimeisha.

Daktari amerudi mlangoni, anauliza niko na nani.

«Solange,» nimejibu. «Eko mu njia.»