Dole la Wifi Nalo Limeanza

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeshindwa kufungua chupa ya shampuu. Chupa! Mimi niliyesuka nusu ya vichwa vya mtaa huu. Dole gumba la kulia limekataa katakata, maumivu yakapanda mpaka katikati ya mkono. Wifi yangu — dada wa mume wangu, mwenye saluni — akacheka mbele ya wateja. Eti uvivu unatafuta pa kutokea. "Suka tu, litazoea."
Akanituma chini ya draya, kama tunavyofanya wote hapa: unauchoma mkono joto, unalivuta dole mpaka lilie ko, unarudi kitini. Raha ya muda mfupi, halafu moto mtupu. Nikaenda. Lakini kusahau? Ng'o.

Jumatano, 6 Machi
Pamevimba, upande wa dole, pale kwenye kifundo cha mkono. Nikilisogeza nasikia mkwaruzo ndani, kama bawaba kavu. Nimemwomba Wifi nipumzike leo tu. Akanipa kichwa cha rasta ndogo ndogo, na nikaze, maana sifa ya saluni yetu ni rasta zinazokaza mpaka mteja aone nyota. Nimekaza. Nimelia chooni.
Mume wangu anasema nimvumilie, dada yake ndiye anayemuuguza mama yao aliyelala kitandani — kumnyanyua, kumwogesha, kila kitu. Damu nzito kuliko maji, na katika nyumba hii maji ndiyo mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kwa daktari wa viungo bila kumuaga mtu. Mama mpole, mikono ya baridi. Akaniambia nilifiche dole ndani ya ngumi, kisha akaipinda ngumi taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Mara moja tu. Nilimwita aliyenizaa na asiyenizaa!
Kano zimevimba, anasema. Zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Zina njia yao nyembamba, na sasa hazipiti bila kusuguana. Kisa ni kubana na kuvuta vilevile kutwa nzima. Niache kusuka kwa muda, nifunge bandeji ngumu inayolishika dole, niweke barafu iliyozungushiwa kitambaa. Draya marufuku. Kulivuta dole marufuku kabisa! Nikirudi kazini nipumzike katikati ya kichwa, nimkalishe mteja pa kufikika bila kukunja mkono, na nisikaze kama nafunga mzigo. Likikaidi, sindano. Sindano ikishindwa, kisu.
Nikamuuliza, na mtu akipuuza? Akasema anao wagonjwa wasioweza kushika kijiko.
Nimeyaweka yote kichwani. Si kwa ajili yangu peke yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi ameiona bandeji. Eti nimevaa pambo. Amenipa ufagio, amekalia kiti changu cha dirishani, anawasuka wateja wangu mwenyewe asubuhi mpaka jioni. Na kuwaambia nimekwisha. Nimekwisha!
Haya. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi ngazi simwonyeshi.

Alhamisi, 28 Machi
Mkono wangu unapata nafuu. Leo nimekamua shuka zima.
Na leo nimemwona! Kila akimaliza rasta moja anaukung'uta mkono. Chanuo amelishika kwa vidole viwili, dole kalitenga pembeni kama mgeni asiyealikwa. Nikaendelea kufagia, moyo unacheza ngoma. Jioni niliimba nikiosha vyombo. Mume wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, hali ya hewa nzuri.

Jumanne, 2 Aprili
Amekuja mwenyewe. Chumba cha nyuma, nakunja taulo. Leo hakuna mvivu, leo ni "wifi yangu". Akauliza yule daktari aliyenifunga bandeji alisema nini.
Nikamwambia afiche dole ndani ya ngumi. Nikaipinda. Si taratibu. Nikairudia, eti nipate uhakika. Chozi likamdondoka, na mimi nikasikia raha, Mungu anisamehe, na asiponisamehe basi.
Akasema, "Niambie ukweli, wifi. Asubuhi nimeshindwa kumgeuza mama. Nilimwacha alivyo mpaka jirani akaja."
Hapo ningeweza. Maneno yote ya daktari yalikuwa mdomoni. Lakini nikauona ule ufagio, nikakisikia kile kicheko.
"Uchovu tu," nikamwambia. "Weka chini ya draya, vuta, suka."
Ameniamini! Hakuuliza mara mbili. Amenikumbatia kwa mkono mmoja, amenishukuru, ameomba tusahau ya nyuma.
Sasa naandika hapahapa, juu ya taulo. Draya inanguruma upande wa pili. Mteja wa rasta ndogo ndogo amekwisha kukaa, namsikia akiuliza kama atachelewa. Nilingoja kisasi hiki kama mtu anavyongoja mshahara — basi mbona mate yamenikauka?
Draya imezimwa. Ko. Halafu ukelele, ameumeza nusu.
Ananiita. Anaita kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikamfungie aproni, mkono haushiki kamba.
Nimesimama. Nimekaa. Acha aite tena kwanza.