Mstari Mwekundu Ukutani

Kamsamba, 9 Oktoba 2024

Mwanangu Kefa,

Bwana asifiwe. Hamjambo wewe na wajukuu zangu? Mimi mzima, ila joto na goti langu lile lile. Nakuandikia kwa sababu simu naichajisha kwa jirani yetu Ruti, na Ruti siku hizi ni mtu wa lile shirika linalopima mto, sitaki asikie. Barua nampa Clever, dereva wa lile lori la fuso la mpunga.

Jana watu wa shirika walipita nyumba kwa nyumba na ndoo ya rangi. Niliporudi kutoka mtoni nikakuta wamenichorea mstari mwekundu ukutani, katikati ya dirisha. Ruti anasema mvua za sasa si za zamani, mto utafurika mpaka pale, kwa hiyo kila mtu apandishe mpunga wake juu ya mstari. Nikamuuliza, maji yenyewe yamemwambia nani? Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano wao. Niende?

Mama yako, Enesi

Tunduma, 13 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo, watoto wanakuulizia.

Usiende! Rangi nyekundu naijua mimi. Kibanda changu cha barabarani kilichorwa X nyekundu, tukaambiwa ni vipimo tu. Mwezi haukuisha, tingatinga likaja. Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Hao wanalitaka bonde letu. Ukisaini mahudhurio tu, umeshauza. Ukandike udongo huo mstari, na mpunga usiuguse, maana ukiuhamisha utakuwa umelikubali neno lao.

Na huyo Ruti mwangalie sana.

Mwanao, Kefa

Kamsamba, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa kidogo. Watoto wanakula vizuri?

Mkutanoni sikwenda. Mstari nimeukandika, hauonekani. Alikuja binti wa shirika, anaitwa Fides, akauliza kwa nini. Nikamwambia ukuta ni wangu. Akaniuliza amenikosea nini, mpole kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikafunga mlango. Wapole ndio wa kuogopwa.

Ruti anajenga ghala juu ya nguzo ndefu, mbao kapewa bure. Nani anagawa mbao bure katika nchi hii? Juzi akaniambia nipeleke magunia yangu huko kwake. Nikajua anayataka. Mpunga wote wa chakula na wa mbegu uko sakafuni chumbani kwangu, na mimi nalala mlangoni.

Mama yako

Tunduma, 5 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umefanya vizuri sana. Kaa hapo hapo mlangoni.

Mwanao

Tunduma, 2 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Simu yako haipatikani. Clever anasema barabara imekatika na Kamsamba hakufikiki. Nimempa barua hii aivushe kwa yeyote atakayevuka. Niandikie hata neno moja. Silali.

Kefa

Kamsamba, 23 Februari 2025

Kefa,

Marahaba. Mimi mzima, nashukuru Mungu.

Maji yalikuja watu wamelala. Nilikuwa mlangoni kama ulivyoniambia, nikang'ang'ana na gunia la mbegu. Ruti akaja na kamba, akanipigia kelele niliachie. Nikadhani hata saa ile anataka gunia. Alinivuta kwa nguvu mpaka ghalani kwake, na ndiko ninakolala mpaka leo. Nakula mpunga wake. Wangu umeota magunia yakiwa yamefungwa, chakula na mbegu. Msimu huu sina cha kupanda, ila atakachonigawia yule niliyemwita mwizi.

Fides amerudi. Safari hii nilimwambia habari ya kibanda chako na ile X. Akashika kichwa. Alisema kwao ofisini hakuna aliyefikiri kuuliza nyekundu huku ina maana gani. Sasa wamebadilisha, wanachora kwa buluu, na hawachori mpaka mwenye nyumba awepo na aelezwe. Mimi ndiye ninayewatangulia milangoni.

Kwangu nimekataa wasichore. Udongo niliokandika umeoshwa wote, mstari wao umetokea tena, na tope la mafuriko limekauka ukutani likiishia palepale.

Sikulaumu, mwanangu. Nimekukasirikia tu. Ushauri wa kwenye karatasi sitaki tena. Barabara ikipona, panda fuso la Clever uje usimame kwenye huo ukuta. Wewe mrefu, mstari utakufika kifuani. Mimi unanifika shingoni.

Mama yako, Enesi