Namba ya Siri ya Mama

Mpepai, Siku ya Marehemu Wote. Mvua ya kwanza imeanza mchana na bado haijakatika. Nimekaa jikoni kwa Mama na kompyuta mapajani, najifanya naandika sura ya nne ya utafiti. Siandiki. Moyo umenijaa, na hapa nyumbani sina pa kuusemea, ndiyo maana nimefungua blogu.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: niko mwaka wa mwisho chuoni, nasomea kompyuta, na mradi wangu ni wa usalama wa mitandao. Wenzangu wanatengeneza mifumo ya kunasa wadukuzi. Mimi nilichagua jambo dogo, jinsi watu wa vijijini wanavyochagua namba ya siri ya pesa za kwenye simu. Tangu wanunuzi binafsi waanze kulipia kahawa kwa simu, karibu kila nyumba huku ina namba ya siri, na siri yenyewe inajulikana mpaka kwa jirani.

Msimamizi wangu aliupenda mradi. Akaniambia nisiishie kuuliza maswali, niwafundishe watu, kisha nipime kama wamebadilika.

Basi nikapewa nafasi kwenye jumuiya yetu, baada ya sala. Nilisimama mbele ya akina mama nikiwa na fulana ya chuo, na Mungu anisamehe, nikaringa. Niliwaambia wasitaje namba zao. Kabla sijamaliza, mama mmoja akaitaja yake kwa sauti, na mwenzake akacheka akasema hata yeye anatumia hiyo hiyo, walisajili laini pamoja. Nikawakataza kutumia mwaka wa kuzaliwa. Nikawakataza kutumia tarehe ya mtoto, kwa sababu mwizi anayekufahamu ataikisia. Mama alikuwa kwenye mkeka wa mbele, anaitikia kila neno.

Jioni ile akabadilisha namba yake mwenyewe, bila kunisumbua. Nikamwingiza kwenye matokeo kama mshiriki aliyebadilika. Nilifurahi kweli.

Leo tumetoka misa tukaenda kupalilia kaburi la Baba. Mama alifagia, akawasha mshumaa, tukasali, tukarudi. Tulipofika akakaa kwenye kigoda, akatoa kisimu chake cha tochi aangalie salio. Ni desturi yake ya kila jioni, na siku zote namtania kwamba pesa haziongezeki kwa kutazamwa. Leo hakungoja jioni.

Akabonyeza, ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa. Nikamwambia, "Mama, umesahau, ulishabadilisha." Akasema anajua. Akabonyeza mara ya tatu, polepole, namba ile ile ya zamani, na akaunti ikajifunga.

Nilikasirika kidogo. Nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo wakati anajua.

"Ile ilikuwa ya Gaudensi," akasema. "Siku yake na mwezi wake aliozaliwa. Leo nilitaka nimwandike tu."

Gaudensi ni kaka yangu. Simjui. Alikufa kwa degedege kabla sijazaliwa, wakati Baba anafundisha kule Chiwanda, ziwani, na huko ndiko walikomzika. Baba akahamishwa, wakarudi huku milimani. Mara nauli, mara barabara, mara Baba anaumwa, na Mama hajarudi kule tena. Picha hakuna. Siku kama ya leo wenzake wanapalilia makaburi ya watoto wao, yeye analo la Baba peke yake.

Kumbe kila jioni hakuwa anaangalia salio.

Na ni mimi niliyemwambia aifute. Nilimwambia mbele ya jumuiya nzima, naye akaifuta kwa sababu mwanaye amesoma. Nikamuuliza mbona hakunieleza. Akajibu, "Ulikuwa unafundisha vizuri, mama. Ningekukatizaje?"

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akamuuliza Mama maswali yake, akaridhika, akamfungulia akaunti na kumwambia aweke namba mpya. Nikamwambia Mama aweke ya Gaudensi, na utafiti ukafie mbali. Uso wake ukachangamka, akaiandika kwa kidole gumba bila hata kutazama vitufe.

Ujumbe ukaja: namba hii imeshatumika, chagua nyingine.

Naijua kanuni hiyo. Nimeisifia kwenye sura ya pili, kwamba mfumo mzuri haumruhusu mtu kurudia namba aliyokwisha kuiacha. Hata hivyo nikaichukua simu nikajaribu mwenyewe. Ikanikatalia na mimi.

"Hata kesho itakataa?" Mama akauliza.

"Itakataa, Mama."

Akaitazama simu mkononi mwangu. Halafu akasema, "Basi niwekee unayoitaka wewe," akageuka kuchochea moto.

Nililia pale pale, na yeye akanibembeleza mimi, kana kwamba mfiwa ni mimi. Nimejiahidi kiangazi kikija nitampeleka Chiwanda, hata kwa kukopa. Lakini kiangazi kiko mbali, na sijui kama kaburi la mtoto mdogo bado linaonekana baada ya miaka yote hiyo. Hilo sikumwambia.

Nikaweka tarakimu nne zisizo na maana yoyote, kama nilivyofundisha. Mama akazikariri kwa sauti ya chini mpaka zikamkaa kichwani. Kisha akaniuliza kama hizo nazo ni za mtu.

Nikamwambia hapana, Mama. Si za mtu yeyote.